Ali, Aly na Mistari Myekundu

Wengi wetu tunaoandika Kiswahili huku ughaibuni tunaijua ile mistari myekundu. Unafungua Word, unaandika "Shikamoo bibi, sisi hatujambo," na kabla hujafika kwenye nukta kompyuta imeshakupigia mstari chini ya kila neno, kana kwamba umekosa adabu. (Wapo wanaosema tarakilishi. Nyumbani kwetu tunasema kompyuta, na haijalalamika.) Sisi wawili, mume na mke, tunafanya kazi ya kufasiri hapa Coventry tangu 2001. Kwa miaka mitano ya mwanzo tuliizoea mistari ile kama anayeishi kando ya reli anavyozoea kelele za treni. Hatukuiona tena.

Mwaka 2006 ikatugharimu.

Wakili mmoja alituletea kanda zenye sauti ya bibi wa Kizanzibari, shahidi katika kesi ya mirathi. Kazi yetu ilikuwa kuandika maelezo yake kwa Kiswahili, kama alivyoyasema mwenyewe, ayasome na kutia saini, kisha tuyafasiri kwa Kiingereza. Habari yote ilimhusu kaka yake marehemu, Ali. Tuliandika, tukasoma, tukasahihisha. Tulipokwisha maliza, wakili akapiga simu: kwenye pasipoti ya marehemu jina limeandikwa Aly, kwa y, tafadhali majina yalingane. Jambo dogo. Tukaiambia kompyuta itafute Ali iweke Aly, ibadilishe zote kwa mpigo. Ikajibu kwamba imebadilisha mahali zaidi ya mia nne. Hata idadi ile haikutushtua. Tukatuma kwa barua pepe, tukaenda kulala.

Msomaji wa Kiswahili ameshaona tulichokifanya. Katika lugha yetu, ali- ndiyo kila alichokitenda mtu jana. Alifika ikawa alyfika, alimwambia ikawa alymwambia, walikuja ikawa walykuja, hali ikawa haly. Na katika kesi ya mirathi, neno mali likawa maly tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Si kwamba hatukutupa jicho kabla ya kutuma. Tulitupa. Lakini ukurasa ulikuwa mwekundu mtupu, kama ulivyokuwa jana yake na juzi yake. Kusema haki, mashine ilituonya. Ila ilikuwa ikituonya kwa kila neno tangu siku tuliyoinunua.

Wakili hakujua Kiswahili. Akachapisha, akampelekea bibi. Siku tatu kabla ya tarehe ya kuwasilisha, simu yetu ikalia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mjukuu wangu ananisomea karatasi hizi, kila mstari anakwama. Huyu Aly mbona kaingia kila pahala? Mie haya si maneno yangu. Saini sitii."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotuumiza. Mtu amefiwa na kaka yake, yuko nchi ya watu, neno lake haliwezi kufika mbele ya hakimu ila lipite mikononi mwetu, nasi tumelirudisha limevunjika.

Kurekebisha faili ilikuwa dakika tano: aly irudi kuwa ali, kisha jina peke yake libadilishwe, neno zima, kwa herufi kubwa. Kumrudisha bibi ndiyo iliyokuwa kazi. Tulipanda treni hadi London na karatasi mkononi, tukakaa sebuleni kwake, tukamsomea kwa sauti ukurasa baada ya ukurasa, na chai juu. Ukurasa wa nne akatuzuia. Tuliandika "mtoto wangu". Yeye alisema "mwanangu". Kanda ilikuwa upande wake. Kosa hilo si la mashine, ni letu, na mstari mwekundu usingelikamata kamwe. Akatia saini kwa herufi za Kiarabu.

Tangu siku ile hakuna kazi inayotoka kwetu bila mmoja kusoma kwa sauti na mwenzake kufuatisha kwa kalamu. Inachosha, na inakula jioni zetu. Tumekataa kazi nyingine kwa sababu muda wa kusoma haukuwepo.

Programu nayo tuliibadilisha. Mwisho wa 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulikuwa umetoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice, bure. Tulikuwa tumeisikia tukaipuuza. Tulidhani kitu cha bure ni cha wanafunzi. Leo tunatumia LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, nayo ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Haijui yote. Kitenzi chetu kinabeba sentensi nzima mgongoni, na kamusi gani itaorodhesha hatukumwandikia na wasingetuandikia? Lakini ukurasa wenye mistari sita, mtu anaitazama yote sita. Word hatukuitupa, maana mawakili na hospitali wanaitaka. Kila faili tunalifungua humo kabla ya kulituma, tuone kama majedwali yamekaa.

Tunatuma PDF pia, na sababu yake tulijifunza kwa wakubwa. Mwaka 2003 serikali ya hapa Uingereza iliweka kwenye tovuti yake waraka kuhusu Iraki katika umbo la Word, na wadadisi walipochungulia ndani ya faili wakakuta majina ya maofisa walioushughulikia. Ikiwa hao walisahau, sisi ni nani? Sentensi aliyoifuta shahidi kwa hofu inaweza kubaki ndani ya faili, ikimsubiri wakili wa upande wa pili.

Kwa sababu hiyohiyo hatubandiki maneno ya watu kwenye vifasiri vya bure vya intaneti. Google iliongeza Kiswahili mwaka 2009, na siku hizi ipo akili mnemba inayoandika Kiswahili cha kupendeza kuliko baadhi ya wenzetu. Tunaitumia kwa barua zetu wenyewe. Maelezo ya mtu anayeomba hifadhi, aliyotaja humo waliomtesa na kijiji walichobaki watoto wake, hatuyapeleki mahali ambapo hatujui nani anayasoma. Vijana wanaofanya kazi hii wanatucheka kwa uvivu wa spidi yetu. Sawa.

Nakala tunaweka tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye diski iliyofungwa kwa nenosiri, ambayo kila Ijumaa inakwenda kwa shemeji, mtaa wa pili. Majina ya faili yanaanza na mwaka, mwezi, siku. Ndivyo tulivyokubaliana. Wiki iliyopita mmoja wetu, hatutamtaja, alikutwa na faili liitwalo "mwisho kabisa sasa hivi 2".