Pikipiki ya Kwanza Nyumbani Kwetu

Wahenga walisema kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu. Methali hiyo nimeiandika katika insha mara nyingi tangu shule ya msingi, hasa nikitafuta alama. Lakini maana yake niliijua siku ile tulipokwenda kumchagulia kaka yangu pikipiki yake ya kwanza.

Kaka yangu alimaliza kidato cha nne akakaa nyumbani, akichuma chai huku moyo wake uko barabarani. Kila pikipiki iliyopita kuelekea soko la Nyamache aliitambua kwa mlio kabla haijatokea kwenye kona. "Ile ni Boxer. Hiyo nyingine ni TVS." Mwishowe baba alikubali. Bonasi ya chai ilikuwa imelipwa, na ng'ombe mmoja akauzwa, jumla ikawa shilingi 100,000. Sasa, ng'ombe yule hakuwa ng'ombe wa hivi hivi tu. Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipia chakula changu cha mchana hapa shuleni. Baba aliniambia, "Pikipiki hii ndiyo itakuwa ng'ombe wako." Kwa hivyo nami nilikuwa na haki ya kwenda kuitazama.

Kazi hii ya boda boda ina historia yake. Ilianza kwa baiskeli huko mpakani Busia miaka ya 1960, watu wakibebwa kutoka boda hii hadi boda ile, jina likabaki. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zikajaa kila kijiji. Leo hapa kwetu mgonjwa hupelekwa hospitali kwa pikipiki, na majani ya chai, ndizi na hata kitanda cha bibi harusi hupita juu yake. Ndiyo maana kijana akimaliza shule huiona kama cheti cha pili.

Tulikwenda watu wanne: baba, kaka, mimi, na fundi mmoja jirani yetu ambaye hutengeneza pikipiki chini ya mti. Muuzaji alikuwa katika soko ambalo sitalitaja. Loo! Pikipiki ilikuwa nyekundu kama damu, ya cc 200, vioo vinameta, tangi limepakwa rangi upya. Bei yake shilingi 95,000. Kaka aliizunguka mara tatu bila kusema neno. Nilimjua ndugu yangu. Alikuwa ameshainunua moyoni.

Fundi hakutazama rangi. Alimwambia kaka, "Hebu panda. Weka miguu chini." Kaka akapanda. Ni ncha za vidole tu zilizogusa ardhi. Fundi akatikisa kichwa, akamwambia aendeshe pole pole mpaka juu ya mlima mdogo, ageuke, arudi.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na mnajua udongo wetu mwekundu ukilowa. Kupanda alipanda vizuri. Alipokuwa akiteremka, mbuzi akakatiza. Kaka akabana breki ya mbele kwa nguvu, gurudumu likakwama, likateleza. Akajaribu kuweka mguu, mguu haukufika. Pikipiki ikamlalia. Hakuumia sana, alichubuka goti tu, lakini watu wa steji walicheka mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Muuzaji naye akasema indiketa imevunjika, tulipe shilingi 1,000. Baba akalipa.

Mngedhani kaka angeiacha. Wapi! Alisema ni utelezi tu, ati akiizoea itakuwa sawa. Baba akaanza kulegea, mkono tayari uko kwenye mfuko wa koti. Ndipo fundi akauliza, "Logibuku iko wapi?" Muuzaji akaitoa. Baba akanipa mimi. "Wewe ndiye msomi, soma."

Nilipiga magoti kwenye matope nikalinganisha namba. Namba ya usajili ilikuwa sawa. Namba ya chesisi kwenye fremu ilikuwa sawa. Nikapangusa injini kwa kona ya leso yangu, nikasoma mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili. Tarakimu tatu za mwisho hazikulingana na zile za karatasi.

"Baba," nikasema, "hii injini si ya logibuku hii."

Muuzaji alicheka, akasema injini ilibadilishwa, ni kitu kidogo. Fundi akamjibu kwamba injini ikibadilishwa, na logibuku hubadilishwa, la sivyo siku polisi watakapokagua, mwenye kosa ni yule aliyeketi juu. Baba akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu.

Kaka hakunisemesha siku tatu. Tulikula chungu kimoja, tukapitana mlangoni, kimya. Usiku nilijiuliza kama nilifanya vibaya. Nilijua alivyoitamani, na mimi ndiye niliyemkatiza mbele ya watu, mimi mdogo wake.

Wiki ya pili fundi alitupeleka kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiuza Boxer ya cc 100. Ilikuwa nyeusi, imepauka, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Namba zote zililingana. Kaka alipopanda, nyayo zake zote mbili zilikaa chini. "Hii ni ya wazee," akanung'unika. Fundi akasema, "Mpanda mpya hajui bado atakachofanya akishtuka. Kwa hivyo chagua inayosamehe." Alikiri kwamba kwa milima yetu ya Bobasi cc 150 hupanda na abiria vizuri zaidi, lakini akasema nguvu za ziada zingoje mpaka mkono ujue klachi na breki. Tena spea za hii zipo hapa hapa Nyamache, si lazima uende Kisii mjini.

Tuliinunua kwa shilingi 66,000. Hapo ndipo niliona hesabu ambayo hatukuiona kwa ile nyekundu. Zilibaki 33,000, zikalipa shule ya udereva, leseni, bima, tairi jipya la nyuma, helmeti mbili na majaketi mawili ya kung'aa, maana sheria inataka abiria naye avae. Tungenunua ile ya cc 200, zingebaki 4,000, na kaka angeingia barabarani kichwa wazi na bila leseni.

Mwezi wa Aprili mvua ilinishika shuleni, kaka akaja kunichukua. Tulipokuwa tukiteremka kuelekea mtoni, ndama akaruka barabarani. Nilifumba macho. Nikasikia pikipiki ikipunguza gia, ikiyumba kidogo, kisha kimya. Nilipofumbua, kaka alikuwa amesimama, miguu yote miwili imezama kwenye matope, ndama anatutazama. Hakuongea mpaka tulipofika nyumbani. Akiivua helmeti ndipo aliponiambia, "Dada, ile nyekundu ingetutupa mtoni." Huo ndio ulikuwa msamaha wake, nami niliupokea.

Wenzangu wavulana, najua wengi wenu mnaihesabu siku ya kutimiza miaka 18 ili mkachukue leseni. Na wasichana pia, kwani nani alisema haituhusu? Siku hiyo ikifika, waacheni watu wa steji na macho yao. Kaeni juu yake mweke miguu chini, msome namba zote tatu, kisha mhesabu helmeti kabla ya kuhesabu cc.

Kaka bado anaiota cc 150, na baba amemwambia angoje mwaka mmoja zaidi. Chakula changu cha mchana kinalipwa kila muhula. Nami siku hizi nina kazi kijijini: jirani akitaka kununua pikipiki, huniita nikamsomee logibuku. Malipo yangu ni soda moja.