Mkate wa ufuta, chai na vidonge vya damu

Leo najibu swali la dada mwenye mimba ya miezi sita. Anatamani mkate wa ufuta wa barabarani, mama mkwe kamkataza, eti ni uchafu.

Kula mdogo wangu. Tena kula wa moto.

Huku kwetu Unguja jioni unamkuta bi ameshawasha makaa. Unga kaukanda kwa tui la nazi na hamira, laini mpaka unateleza mkononi. Anautandaza kwenye kikaango kwa vidole vilivyolowa maji, anamwagia ufuta, chini ukishaiva anakigeuza kikaango kielekee makaa, juu nako kuwe kwekundu. Yaani harufu yake unaipata kabla hujamwona mwenyewe! Mkate uliotoka hapo sasa hivi hauna cha kukutisha. Mie naangalia mkono. Mkono unaopokea pesa ndio unaokata mkate? Bi wetu ana kopo, unatumbukiza pesa mwenyewe na chenji unachukua mwenyewe. Kachumbari iliyokaa wazi tangu mchana iache, na maji ya kunywa nenda na yako.

Mimi linalonipa shida ni chai.

Wodini na kliniki nakutana na mama mjamzito, damu 8, na sisi tunataka isipungue 11. Anakwambia vidonge vya damu anameza kila siku. Unameza na nini? Na chai, nesi, na mkate. Jamani! Chai inayashika yale madini chuma tumboni, mengi yanatoka bila kuingia mwilini. Malaria na minyoo navyo vinapunguza damu, chai haiko peke yake, ila hii ya chai haikugharimu kitu kuirekebisha. Meza kidonge kwa maji, na chungwa ukilipata. Chai isubiri saa moja au mbili.

Na usidanganywe kwamba ufuta wa juu ya mkate unatosha kuongeza damu. Ule ni wa kunyunyiza tu, mwingine unaubakisha kwenye karatasi. Kidonge kiko palepale.

Mama mkwe mchukue mwende wote, aone mkono wa bi kwa macho yake. Ila nendeni mapema kabla ya magharibi, baada ya hapo foleni hiyo, mtaambulia ulioungua.