Kina Nisichokiona

Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi niliitumia methali hiyo miaka mingi kuwasuta wengine, nisijue kwamba ilinihusu mimi mwenyewe, tena kwa maana ya macho hasa. Aliyenifumbua ni mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Desemba 2013 dada yangu alikuja Tanga kutoka Marekani pamoja na mwanawe. Baada ya kuniamkia, mpwa wangu alitoa mfukoni kifaa cha michezo kiitwacho Nintendo 3DS, kinachokunjwa kama kitabu na chenye skrini mbili, moja juu na nyingine chini. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa pinboli, Zen Pinball 3D, uliotengenezwa na kampuni ya Hungaria.

Kwa msomaji asiyeijua, pinboli ni mchezo wa meza iliyoinama kidogo kumwelekea mchezaji. Gololi ya chuma hufyatuliwa hadi juu, nayo huteremka ikigonga vigingi na kengele, na kila igongapo unapata pointi. Chini kuna vibao viwili unavyoviendesha kwa vitufe kuirusha tena juu. Ikipenya katikati yake, imepotea. Katika kifaa kile meza nzima ilikuwa picha tu.

Lakini ilikuwa picha ya namna ya pekee. Macho ya mtu mzima yameachana kwa kadiri ya sentimita sita, na kila moja huuona ulimwengu kwa upande wake. Ubongo huzipatanisha picha hizo mbili, na katika kupatana huko mtu huona kina. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838. Skrini ya juu ya kifaa kile hutumia siri hiyohiyo: huonyesha picha mbili kwa pamoja, na kizuizi chenye mistari myembamba sana hulipa kila jicho picha yake, bila kuvaa miwani.

"Mjomba, sukuma hiki juu," mpwa wangu aliniambia, akinionyesha kidude cha kuteleza kilicho pembeni. "Umeona meza ilivyozama, kama kisima? Na gololi ikipanda ile njia ya juu, utadhani inatoka!"

Nilisukuma juu, nikashusha, nikasukuma tena. Picha ilikuwa ileile. Mke wangu alipopokezwa alirudisha kichwa nyuma na kucheka. Dada yangu naye alikiona hicho kisima. Waliponiuliza, nilijibu, "Naam, nimeona." Nilidanganya mbele ya mtoto, kwa aibu ambayo sikuielewa.

Ajabu ni kwamba nilicheza vizuri. Siku ya tatu nilimshinda mpwa wangu, akanuna hadi wakati wa chakula. Gololi ikiwa juu ya daraja, kivuli chake kiliniambia iko juu. Ikienda mbali ilikuwa ndogo. Ikipita nyuma ya kigingi ilifichwa. Hizo ndizo alama nilizozitumia maisha yangu yote, nikidhani kila mtu anatumia hizohizo.

Usiku nililiziba jicho la kushoto kwa kiganja nikatazama kalenda ukutani. Hakuna kilichobadilika. Nikaliziba la kulia. Tarehe zote zikawa ukungu. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili.

Daktari wa macho alisema hilo ni jicho vivu. Tangu utotoni ubongo ulilipuuza jicho la kushoto ukategemea la kulia. Mtoto akigunduliwa mapema husaidiwa kwa miwani, au kwa kuzibwa jicho zima kwa muda ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Kwa mtu wa umri wangu matumaini ni madogo.

Nilirudi nyumbani nikiyapanga upya mambo ya maisha yangu. Utotoni sikuweza kudaka mpira. Ulinipiga usoni, nikaitwa mzembe. Lakini katika gololi za chini ya mwembe sikuwa na mpinzani, kwani anayelenga hufumba jicho moja. Hata chai humimina kwa kuegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe. Mke wangu aliona ni mazoea tu, nami pia.

Ndipo nikamkumbuka mwanafunzi mmoja wa darasa la nne. Alikuwa na makengeza, na mwenye makengeza mara nyingi huwa hakioni kina, maana macho yake hayatazami mahali pamoja. Siku moja alileta chai ya walimu, akaweka sinia akidhani amefika mezani. Vikombe sita vikavunjika. Nilimchapa viboko vinne, nikamwambia aache uzembe: neno lilelile nililoambiwa mimi.

Pinboli za zamani hazikuwa na vibao. Vilianza mwaka 1947 katika meza iitwayo Humpty Dumpty. Kabla ya hapo mchezaji aliifyatua gololi, akaitikisa meza kidogo, na yaliyobaki yakawa ya bahati. Mji wa New York uliipiga marufuku pinboli mwaka 1942 kwa kuiona kamari, ukairuhusu mwaka 1976 baada ya mchezaji mmoja kuonyesha kwamba mkono unaweza kuiongoza gololi. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mwalimu naye hukata shauri kila siku: lipi ni la mkono wa mtoto, na lipi ni la namna meza yake ilivyoinama? Mimi sikuwahi hata kuuliza.

Nilimtafuta, nikamkuta anauza vipuri vya baiskeli, mtu mzima mwenye watoto. Nilimweleza habari ya macho yangu, kisha nikamwomba radhi. Alicheka, akasema, "Mwalimu, hayo ni ya zamani," kisha akanyamaza kitambo. Sikujua kama amenisamehe, wala sikumlazimisha aseme. Akaagiza chai. Alipoimimina aliegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, polepole, nami nikamtazama bila kusema neno. Alipomaliza cha kwangu akamimina chake, vilevile.

Mpwa wangu aliniachia kile kifaa alipoondoka. Bado ninacho, na kile kidude cha pembeni nimekishusha chini kabisa. Watoto wa jirani wakija kucheza hukisukuma juu, nami huwauliza mmojammoja wanaona nini. Anayesema haoni tofauti simwambii atazame vizuri. Namwita mzazi wake.