Goti Likiacha Kuuma Halijapona

Ndugu msomaji, mimi ni Bwana Shamba katika Mkoa wa Dodoma. Kazi yangu ni kueleza habari za mtama, uwele na alizeti. Leo nataka kukueleza habari ya goti. Goti langu lilipasuliwa mwezi wa Septemba, na wewe unajua kwamba mvua zetu huanza mwezi wa Desemba. Basi habari hii ni ya shamba pia.

Maafisa ugani wengi tunapita vijijini kwa pikipiki. Serikali ilizigawa mwaka 2022, nami nilipata yangu. Siku moja nilikuwa ninavuka korongo lenye mchanga mwingi. Gurudumu la mbele likateleza. Nikaweka mguu chini ili nisianguke. Mguu ukabaki mchangani, mwili ukageuka. Nikasikia kitu kinakatika ndani ya goti.

Kilichokatika ni kano. Kama umewahi kuchinja mbuzi, kano umeziona. Ni nyeupe, ni ngumu kwa kisu, nazo hufunga mfupa na mfupa. Katikati ya goti la mtu mna kano mbili zinazopishana. Ya mbele huzuia mfupa wa muundi usiteleze, tena hulishika goti mtu anapogeuka. Hiyo ndiyo iliyokatika. Picha ya eksirei haiionyeshi, maana eksirei huonyesha mifupa. Mimi nilipimwa kwa mashine ya MRI.

Si kila mtu aliyekatika kano hii hupasuliwa. Wako wanaofanya mazoezi tu, wakaendelea na kazi zao. Lakini goti langu lilikuwa likiachia kila nilipogeuka. Bwana Shamba asiyeweza kutembea juu ya matuta atafanya kazi gani?

Nilipasuliwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambayo watu huiita MOI. Daktari alichukua kano nyuma ya paja langu mwenyewe. Akatoboa matundu katika mifupa ya goti, akaipitisha humo, akaifunga mahali pa ile iliyokatika. Nilirudi Dodoma kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kufika kwetu mwaka 2024, mguu nimeunyoosha.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kano iliyopandikizwa ni kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni. Siku ya kwanza mche umesimama vizuri. Baadaye majani yanalegea, kwa sababu mizizi mipya haijashika. Kano nayo ni hivyo. Siku ya kufungwa ina nguvu. Lakini imetengwa na damu yake, basi inadhoofika mpaka mishipa mipya ya damu iingie ndani yake. Wakati inapokuwa dhaifu kabisa ni yapata kati ya wiki ya sita na wiki ya kumi na mbili. Kukomaa kwake huchukua mwaka au zaidi.

Tazama hatari hiyo, ndugu. Katika wiki hizo hizo maumivu yamepungua, uvimbe umeshuka, magongo yamewekwa pembeni. Mtu anajiona mzima, kumbe kano yake ni dhaifu kuliko siku aliyotoka hospitali.

Wiki za kwanza kazi yangu ilikuwa kunyoosha goti na kukaza msuli wa paja. Nilikaa mkekani, kisigino juu ya kanga iliyokunjwa, nikalisukuma goti chini. Mtaalamu wa mazoezi alinikataza kuweka mto chini ya goti. Mto ni starehe, lakini goti linaweza kugandia katika hali ya kukunjika, na kulinyoosha baadaye ni taabu. Nilishangaa jinsi paja lilivyosinyaa upesi. Lilikuwa kama paja la mtoto.

Choo nacho kilinipa shida. Choo chetu ni cha shimo, na goti jipya halichuchumai. Seremala wa kijiji alitoboa kiti cha mbao katikati, tukakiweka juu ya tundu. Kama nyumbani kwako yuko mgonjwa wa goti, tengenezeni kiti hicho kabla hajarudi kutoka hospitali.

Majirani wema walikuja na mafuta ili wanichue. Niliwashukuru, nikakataa. Kidonda kibichi hakichuliwi. Na kama muundi umevimba na kuuma upande wa nyuma, usiuchue hata kidogo. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na donge likitoka hapo hufika kwenye mapafu na kuua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia kidonda kikitoa usaha, au goti likiwa la moto na mwili una homa.

Desemba mvua ikaja. Nilikuwa katika wiki ya kumi na mbili. Mzee mmoja wa jirani akapita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona magongo umeyatupa. Jembe nalo?"

"Bado, Mzee. Mpaka daktari aseme."

"Mguu unatembea lakini haulimi?"

"Ndivyo, Mzee."

Akacheka, akaenda zake. Siku ya tatu alimtuma mjukuu wake na ng'ombe wawili wa plau. Hata hivyo tulilima ekari mbili tu. Mwaka uliotangulia tulilima nne. Mke wangu alipalilia na watoto baada ya shule. Kuna jioni alirudi akaweka jembe ukutani, hakutaka kusema na mtu. Gharama hiyo haimo katika karatasi za hospitali. Mimi nilichagua mbegu, nikapika uji, nikafanya mazoezi yangu mara tatu kwa siku. Wako waliosema Bwana Shamba amekuwa mvivu.

Wewe unasikia redioni kwamba mchezaji wa Simba au Yanga amekatika kano ya goti, naye atakaa nje karibu msimu mzima. Hakuna anayemwita mvivu. Mwaka 2016 wataalamu wa Norway walitoa habari za wachezaji waliopasuliwa goti. Waliona kwamba kila mwezi mmoja wa kungoja, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Mkulima hakimbizi mpira, lakini hugeuka na mzigo kichwani juu ya tuta lenye utelezi.

Sasa ni Juni, tunavuna mtama. Ni mwezi wa tisa tangu nipasuliwe. Akina mama hapa kijijini wananitania kwamba nimefikisha siku zangu. Ninabeba debe moja, ninapanda ngazi ya ghala, lakini kuchuchumaa kabisa bado. Kila Jumapili ninapima mapaja yangu kwa uzi. La kulia bado ni jembamba kuliko la kushoto kwa upana wa kidole kimoja. Wiki ijayo nitakwenda kupimwa, niruke kwa mguu mmoja mbele ya mtaalamu, kisha kwa mwingine. Yeye ndiye atakayesema kama nirudi kwenye pikipiki au ningoje.