Nilivyosubiri maji kupwa Haji Ali na mama yangu

KWETU mtu akisema anakwenda India, swali la kwanza ni: “Nani anaumwa?” Nami nilifika Mumbai kwa sababu hiyo, nikimsindikiza mama, ambaye valvu moja ya moyo wake ilikuwa haifanyi kazi vizuri.

Ninaandika habari za afya. Nimewaeleza wasomaji mara nyingi kuhusu upasuaji wa moyo. Lakini fomu ya ridhaa ilipoletwa, mama aliikunja, akaiweka chini ya mto na kusema atasaini kesho. Kesho hiyo ilifika siku ya tatu.

Ndipo jirani yetu kwenye nyumba ya wageni akatuambia twende Haji Ali, tubadilishe hewa. Daktari aliruhusu, mradi mama atembee polepole na apumzike kila akichoka.

Haji Ali ni msikiti na kaburi la Pir Haji Ali Shah Bukhari, juu ya kisiwa kidogo cha mawe kiasi cha nusu kilomita kutoka ufukweni. Kaburi lilijengwa mwaka 1431. Masimulizi yanasema alikuwa mfanyabiashara tajiri aliyeacha mali zake zote na kumfuata Mungu. Jengo ni jeupe, na kwa mbali unadhani linaelea.

Teksi ilitushusha saa saba mchana. Njia ya kwendea haikuonekana, bahari ilikuwa imeifunika. Nilitaka turudi. Mama, aliyekulia Tanga, aliangalia maji akasema, “Hili ni bamvua, jana mwezi ulikuwa mpevu. Tukae, yatapwa.”

Tulikaa kivulini zaidi ya saa mbili. Hapo, bila kuulizwa, mama akasema: “Mwanangu, kisu sikiogopi. Naogopa kufia huku. Mtanirudishaje, na fedha zote zimeishia kwenye matibabu?”

Nilikuwa na majibu tayari kuhusu asilimia za wanaopona, lakini hakuwa ameniuliza hayo. Nikamwambia ukweli: “Sijui, mama. Ila sitaondoka huku bila wewe.” Akanishika mkono, tukaendelea kuangalia maji.

Njia ilipoanza kuonekana, watu wakaingia kwa wingi. Ni nyembamba, haina vyuma vya kushikilia, na bahari iko pande zote mbili. Tulipumzika mara nne, katikati ya wauza maua na ombaomba.

Sisi ni Wakristo, na nilikuwa na wasiwasi tutaulizwa. Hakuna aliyetuuliza. Wahindu, Waislamu na wengine huingia pamoja. Mama alijifunika kanga kichwani, tukavua viatu. Upande wa wanawake alisimama kimya muda mrefu, akaomba sala yake.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2012 wanawake walizuiwa kuingia sehemu ya ndani yenye kaburi. Wanawake walikwenda mahakamani, na Agosti 2016 Mahakama Kuu ya Bombay iliamua kwamba katazo hilo ni kinyume cha katiba. Tulipita mlango ambao wengine waliupigania.

Usiku ule mama aliomba kalamu.

Sisemi kwamba kaburi lilimponya. Valvu ilibadilishwa na madaktari, na leo mama yuko Tanga, anameza dawa zake na kuhudhuria kliniki. Ninachosema ni kwamba nilikaa naye siku tatu nikimweleza, na sikumuuliza hata mara moja anaogopa nini.

Kama unamuuguza mtu mbali na nyumbani, muulize hilo kabla ya kumpa maelezo. Na ukifika Haji Ali, beba kitu cha kujifunika kichwa, na ulizia kwanza saa za maji kupwa. Ukikuta yamejaa, usiondoke haraka.