Mawe ya Yaya, Mchanga Wetu wa Abuku

Yaya wangu anafanya kazi Marekani kwenye duka la samaki. Si samaki wa kula, ni wale wa kutazama. (Kwa wasiojua: sisi wa Congo tukisema yaya ni kaka mkubwa au dada mkubwa, si dada wa kazi.) Yeye alipata kuhamishiwa nchi ya tatu, sisi tukabaki huku Koboko. Kila Jumapili anatuma sauti kwa WhatsApp, na miezi hii sauti zake zote ni habari za mawe.

Ni matumbawe ya kale yaliyokauka, chokaa tupu, yenye matundu kama mkate. Watu wanayapanga ndani ya tangi la kioo lenye maji ya chumvi, ili samaki wa bahari na matumbawe hai wapate pa kukaa. Kuna wanaotaka jiwe lililotolewa baharini likiwa na viumbe wake, lakini Yaya anapenda makavu. Anasema ukibomoa mwamba wa baharini kwa ajili ya sebule ya mtu, umevunja nyumba ya samaki, na juu yake unaweza kuleta wadudu watakaokula kila kitu ndani ya tangi. Watu wa pwani wanalijua jiwe hilo, Mji Mkongwe wa Zanzibar umejengwa nalo. Mimi bahari sijaiona. Kutoka Abuku hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,500 za barabara.

Basi anasugua jiwe kwa brashi, analiloweka siku kadhaa kwenye maji ya klorini ili uchafu uliooza uishe, anasuuza na kuanika. Mengine anayatia kwenye siki, ngozi ya juu iyeyuke. Siki na klorini hazikutani kamwe, zinatoa gesi ya sumu. Hapo jiwe ni safi, jeupe, na halifai kitu! Ukitia samaki atakufa, kwa sababu mwili na kinyesi chake vinatoa amonia na hakuna wa kuila.

Kwa hiyo analiweka kwenye maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita, joto kama nyuzi 25, pampu inazungusha maji, anatia amonia kidogo na bakteria wa chupa. Halafu anasubiri. Bakteria wa kwanza wanageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Wiki nne, sita, mara nyingine zaidi. Anapima maji, anaandika namba. Wateja wanachukia hapo. Wanataka samaki siku ya tatu, maana maji yanaonekana safi.

Nilikuwa nasikiliza tu kama hadithi, mpaka kikundi chetu cha vijana kilipoanza kutengeneza vichungi vya mchanga. Pampu ya karibu ikiharibika watu wanarudi kijitoni, na watoto wanaanza kuharisha. Kichungi ni kasha la zege, chini changarawe, juu mchanga. Mchanga bora si wa mtoni, ni wa mawe yaliyopondwa, unaopita kwenye chekeche la milimita 0.7. Kina mama wanaoponda kokoto wametuuzia vumbi lao. Tumechekecha siku tatu mpaka pua zimejaa. Kuosha nako kuna kipimo chake: unatia mchanga na maji kwenye chupa, unatikisa, unaacha utulie sekunde chache. Maji yawe na ukungu kidogo. Ukiosha mpaka yang'ae umepoteza mchanga laini na maji yatapita mbio. Yanatakiwa kutoka taratibu, lita 1 kwa kama dakika mbili na nusu.

Halafu kusubiri. Juu ya mchanga, chini ya sentimita 5 za maji yanayobaki, viumbe wadogo wanaanza kuishi na kula vijidudu vinavyokuja na maji. Inachukua mpaka siku 30. Siku hizo zote maji yanapita, yanatoka meupe, lakini bado unatia kidonge cha klorini kwenye jerikeni ya kunywa. Kwenye jerikeni ya chini, nasema! Ukimwaga klorini juu ya mchanga umeua kila kitu, anza upya.

Siku ya tisa, mama jirani, ambaye mjukuu wake amelazwa mara mbili, aliniita. Juu ya mchanga kulikuwa na utando wa kahawia. Alikuwa ameshika beseni tayari, anataka kutoa mchanga wote auoshe kwa sabuni. "Mwanangu, mmeniletea uchafu ndani ya nyumba?" Nikamwambia hapana mama, hao ndio wafanyakazi. Hakuamini. Nikamchezea sauti ya Yaya kuhusu mawe yake, nikitafsiri pale anapochanganya Kiingereza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: hao watu wanasubiri wiki sita kwa ajili ya samaki? Akaweka beseni chini.

Ndugu zangu wa mashirika, nawapenda, ila hapa niseme. Siku ya kukabidhi mnakuja na gari, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Siku hiyo kichungi ni kama jiwe la Yaya lililoanikwa, safi na tupu. Njooni siku ya tisa, watu wanaposhika mabeseni. Njooni siku ya 31. Mtu wa kukaa na familia mwezi mzima hagharimu kama gari, ni kijana mmoja na baiskeli.

Jingine dogo: hao viumbe wanahitaji maji mapya kila siku, wakikaa zaidi ya saa 48 wanaanza kufa njaa. Sasa siku za kugawa chakula mtu anaweza kulala huko akingoja zamu. Kwa hiyo tumegawana nyumba. Mama jirani anaenda kesho kutwa, ameniachia ufunguo. Ndoo moja asubuhi, lita 12, kutoka kijito kilekile.