Theluthi ya Shangazi na Injini Iliyorudi Kazini



Mwaka 2001, injini ya moshi yenye namba 5918, iitwayo Mount Gelai, ilirekebishwa mjini Nairobi, ikatiwa moto, ikatembea tena juu ya reli baada ya kulala takriban miaka ishirini. Wengi wetu huku pwani habari hiyo ilitupita. Mimi niliisikia Gilgil, katika chumba cha mbele cha mume wa shangazi yangu, naye ndiye aliyenifunza kwa injini ile somo ambalo nilikuwa nikilisomesha wengine bila ya kulitenda.

Gilgil ni mji ulio baina ya Naivasha na Nakuru, katika Bonde la Ufa, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Mombasa akitia udhu hapo alfajiri huhisi vidole si vyake. Reli kuu ilipita hapo ikielekea magharibi, na hapo ndipo ilipochipuka njia ndogo ya kwenda Nyahururu, ambao zama za ukoloni uliitwa Thomson's Falls. Shangazi yangu, dada wa pekee wa baba yangu, aliolewa na mtia moto wa injini za njia hiyo, akaihama pwani akiwa mwanamwali.

Wala tusidhani kwamba reli ni habari ya watu wa bara peke yao. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Maelfu ya mafundi na vibarua waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi kati yao walikuwa Waislamu. Kila msafiri wa barabara ya Nairobi anaujua msikiti wa Mackinnon Road, alipozikwa Seyyid Baghali Shah, naye alikuwa mtu wa kazi ya reli. Kila palipokuwa na stesheni kubwa palichipuka mtaa wa Waislamu, na Kiswahili kikapanda milima pamoja na mabehewa.

Nilikuwa nimetumwa na baba kupeleka mwaliko wa harusi ya dada yangu. Shangazi alikuwa hajakanyaga Mombasa kwa miaka mingi, na sisi watoto tuliambiwa kwamba bara imemteka. Niliubusu mkono wake, nikampa mwaliko. Aliusoma pole pole, akaukunja.

“Mwambie baba yako nimeupokea,” alisema, kisha akaingia jikoni kunitengenezea chai.

Mumewe, mzee wa miaka sabini hivi, alijaribu kuifunika baridi ile kwa mazungumzo. Akaniuliza iwapo nimesikia kwamba Garratt imetiwa moto Nairobi. Nilikuwa sijui Garratt ni nini. Uso wake ukafunguka.

Alinieleza kuwa injini za aina hiyo zilikuwa 34, zilizoundwa Manchester, Uingereza, kuanzia mwaka 1955, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Moja ilikuwa na uzito wa tani 252 hivi, nayo ilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, juu ya reli ambazo upana baina yake ni mita moja tu. Hakuna injini ya moshi iliyoishinda kwa nguvu katika reli za upana huo duniani. Siri yake ilikuwa umbo: boila katikati, na mbele na nyuma seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja peke yake, ili uzito utandazwe na kona zipitike.

“Na kitu kilicholala miaka ishirini kinaamshwaje?” nilimwuliza.

“Kwa maji baridi, sheikh,” alinijibu.

Alinifafanulia. Mabomba ya ndani ya boila hutolewa, na yaliyoliwa na kutu hubadilishwa. Kisha boila hujazwa maji baridi hadi juu, na maji yale husukumwa kwa pampu mpaka shinikizo lake lipite lile la kazi ya kila siku. Palipo na ufa, maji hutoka matone, mafundi wakapaona bila ya mtu kudhurika. Lau ufa huo ungegunduliwa na mvuke, ungeua. Baada ya hapo ndipo moto huwashwa, nao huwa mdogo, kwa saa nyingi, kwa sababu chuma hutanuka kikipata joto, na kikitanuka upande mmoja kwa haraka hupasuka. Anayetaka kuondoka asubuhi huwasha moto tangu jana.

“Ukiwa na haraka,” alisema, “heri uiache ilale.”

Siku ya pili tulisafiri pamoja hadi Nairobi, yeye akitaka kuiona kwa macho yake, nami nikirudi nyumbani. Katika makumbusho ya reli hatukuikuta ikiwaka. Ilikuwa imesimama, ndefu mno, baridi. Mzee aliupitisha mkono wake juu ya chuma kama mtu anayempapasa ng'ombe, akatafuta mahali alipokuwa akikaa mtia moto katika injini kama ile, akapatazama kwa muda. Kisha, bila ya kunigeukia, akasema jambo ambalo nadhani ndilo lililomtoa Gilgil.

“Shangazi yako na baba yako wamelala muda mrefu kuliko hii. Mimi si mrithi, sina neno. Lakini wewe wasomesha mirathi. Mwulize baba yako theluthi ya lile shamba iko wapi.”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Babu yangu alifariki kabla sijazaliwa, akaacha shamba la minazi, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Hesabu yake ni ya darasa la kwanza la ilimu ya mirathi: mafungu matatu, mwanamume mawili, mwanamke moja. Nilikuwa nimewapigia wanafunzi wangu hesabu kama hiyo ubaoni mara zisizo na idadi. Kumbe shamba nililochezea utotoni, theluthi yake haikuwa yetu. Na zaidi ya hayo, kipande kimoja kiliuzwa ili nipelekwe kusoma. Hiyo ilimu ya mirathi nilikuwa nimeisoma kwa fungu la shangazi yangu.

Basi zima la kurudi Mombasa nilitunga maneno makali ya kumwambia baba. Nilizipanga aya za Surat Nisaa, pamoja na adhabu ya mwenye kula mali isiyo yake. Karibu na Mackinnon Road nikakumbuka maji baridi. Baba alikuwa mgonjwa wa moyo, na neno lile lilikuwa limelala zaidi ya miaka thelathini. Kumwashia moto mkubwa kwa siku moja kungempasua, na huenda kungempasua shangazi pia.

Kwa hiyo nilianza na karatasi. Baada ya harusi, ambayo shangazi hakuhudhuria, nilimwomba baba anisaidie kukumbuka mipaka ya shamba, ni minazi mingapi ilikuwako, na kipande kilichouzwa kilikuwa kikubwa kiasi gani. Alijibu. Juma lililofuata nikaandika majina ya warithi wawili juu ya karatasi, nikaiacha juu ya mkeka. Aliitazama akakasirika, akasema dada yake hakudai hata siku moja. Nikamwambia kwa upole, “Baba, kunyamaza si kusamehe.” Alikaa siku nne bila ya kunisemesha. Hapo ndipo matone yalipotoka, nami nikajua ufa uko wapi: haikuwa tamaa, ilikuwa haya. Alikuwa akiogopa kumtazama dada yake usoni.

Ilituchukua miaka mitatu. Sehemu ililipwa kwa ardhi, na fungu la kile kipande kilichouzwa nililipa mimi, kidogo kidogo, kutoka katika mshahara wangu na katika dhahabu ambayo mke wangu aliiuza kwa ridhaa yake, Mwenyezi Mungu amlipe. Shangazi alikuja Mombasa kutia saini. Baba alisimama mlangoni kwa fimbo, naye hakuwa mtu wa kusimama tena wakati ule. Hawakusema mengi. Shangazi alimwuliza kama amekula.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Laiti ningemfikia miaka kumi kabla, wangekaa pamoja zaidi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, nami silifichi.

Mama zangu na dada zangu, ndani ya nyumba zetu za pwani wamo wanawake walioolewa mbali, na ukimya wao tumeufanya kuwa hati ya kumiliki. Mwanamke hapotezi fungu lake kwa kuolewa, wala kwa umbali, wala kwa kukosa kudai. Nanyi wenye kudai, na nyinyi vijana mnaogundua dhulma ya wazee wenu, msiache haki ilale, lakini msiiamshe kwa kishindo. Andikeni kwanza. Pimeni kwa maji baridi. Kisha washeni moto mdogo, mkae karibu nao.

Nilipopita Gilgil mara ya mwisho, kwenda kumzika yule mzee, nilikwenda kuitazama ile njia ya Nyahururu. Majani yalikuwa yameota baina ya mataruma na hapakuwa na mlio wowote. Si kila kilicholala hupata mtu wa kukiamsha. Lililo katika uwezo wetu, tusilichelewesha mpaka likafunikwa na majani.

Wabillahi tawfiq.